Mstari Ambao Naftaly Hakuusoma

Shamba la Bwana Tarumbeta,
Njoro, karibu na Nakuru
18 Februari 1957

Kwa Mjomba wangu, Mwalimu Micah,

Natumaini barua hii imekukuta umeketi, chai mkononi, na mgongo hauna maneno. Mimi ni mzima kuanzia kofia mpaka soli, ila jino moja la nyuma linanisema kila nikinywa maji ya baridi. Wasalimie wote huko Kisii. Mama yangu umwambie mwanawe bado ni mpishi wa Bwana, na nyama naikata kwa mkono wangu mwenyewe.

Mjomba, kazi ya Mungu hapa inakwenda kwa kishindo. Mchungaji alipoondoka na lori la misheni aliniachia Biblia na kalenda ya kanisa, akasema, "Naftaly, Jumapili hubiri wewe." Alijua anamwambia nani. Tunakutana kwenye stoo ya kukaushia maua ya pareto. Yuko Owuor, dereva wa trekta, mwenye mdomo usio na breki. Yuko Mzee Kiptanui, nyapara wa ng'ombe, anayekuja na kigoda chake. Yuko Chepngeno, mjane anayekamua ng'ombe, na binti yake Chepchirchir, ambaye ana kifafa na ana akili kunishinda. Hao wawili watabatizwa Mchungaji akirudi baada ya Pasaka. Juzi nilihubiri juu ya Bwana Yesu kuituliza bahari, nikaeleza meli iliyotupeleka vitani Bama, na hakuna aliyesinzia. Watu walisema wameniona mimi na bahari.

Sasa taabu ni hii. Nimeangalia kalenda. Tarehe 17 Machi somo ni yule mama wa Kanaani. Ana binti anayeteswa na pepo, anamlilia Bwana Yesu, Bwana kwanza ananyamaza, halafu anamwambia si vizuri chakula cha watoto watupiwe mbwa. Nimesoma mara nne. Mara ya tano nilifunga kitabu nikaenda kutembea.

Mjomba, kwenye shamba hili neno mbwa ni zito. Bwana Tarumbeta tunamwita hivyo kwa sababu ana mbwa arobaini wa kuwinda, na anawaita kwa tarumbeta. Mbwa wanakula nyama, watu wanakula posho ya unga, na Bwana akikasirika anatuita sisi jina lao. Naomba ruhusa niruke nisome ile mikate na samaki. Watu wa hapa wanapenda habari za chakula.

Mpwa wako,
Naftaly

*

Misheni, Kisii
28 Februari 1957

Mpwa wangu Naftaly,

Barua imefika. Mgongo unauma, asante kwa kuuliza. Jino ling'oe.

Ruhusa hakuna. Sisi Walutheri hatuendi kwenye Injili kama mtu anayechagua ndizi sokoni, hii imeiva, hii bado. Somo la Jumapili limewekwa, na mhubiri anakutana nalo kama anavyokutana na mvua. Tukichagua wenyewe tutahubiri mikate na samaki mpaka tuzikwe, na watu watanenepa bure.

Soma somo lote. Usiseme ambalo halisemi. Likikuumiza, wacha likuumize wewe kwanza kabla ya watu. Na usitie Bama.

Mjomba wako

*

Njoro
20 Machi 1957

Mjomba mpendwa,

U hali gani, na mgongo? Mimi niko salama, na jino limetulia kwa heshima ya Jumapili.

Ungekuwepo, Mjomba! Nilisimama juu ya debe ili wote wanione. Watu walicheka kwa furaha ya rohoni. Nilifafanua habari za mataifa kwa undani sana, mpaka mama mmoja aliguswa akashindwa kukaa, akatoka nje na mtoto wake. Kweli neno lina nguvu. Bama sikuitia hata kidogo.

Ni mimi mpwa wako,
Naftaly

*

Misheni, Kisii
15 Aprili 1957

Mpwa wangu,

Hapa wote wazima, mgongo ni ule ule.

Dereva wa lori la misheni alipita kwenu kuchukua mbegu za viazi, akanywa chai kwa Owuor. Kwa hiyo tusizungukane. Uliniandikia barua tarehe 20 Machi. Naomba uiandike tena, barua ile ile, safari hii iwe ya kweli.

Mjomba wako

Nimesahau: dereva anasema wewe si mpishi wa Bwana. Mama yako sijamwambia. Nangoja nisikie kwako.

*

Njoro
24 Novemba 1957

Mjomba,

Nimenyamaza miezi saba. Mgongo unaendeleaje? Jino liling'olewa mwezi wa sita na Owuor, kwa koleo ya trekta. Kama ilikuwa adhabu, basi sehemu nimeshatumikia.

Sasa kweli. Mimi ni mpishi wa mbwa. Mbwa ni wa Bwana, kwa hiyo nikisema mpishi wa Bwana nilikuwa nimefupisha tu. Napika pipa zima la uji wa mahindi na nyama ya farasi aliyezeeka, nakoroga kwa mwiko mrefu kuliko mimi. Wote arobaini nawajua kwa majina. Na kutoka hapa mpaka Molo hakuna anayewapikia mbwa vizuri kama mimi, hilo lazima niliseme hata katika barua ya toba.

Jumapili ile nilisoma vizuri mpaka pale Bwana anaposema chakula cha watoto kisitupiwe mbwa. Owuor akapiga kelele kutoka nyuma, "Naftaly, umesikia mwenyewe? Acha kuwatupia!" Stoo ikapasuka. Mzee Kiptanui, ambaye sijawahi kuona meno yake, siku ile niliyaona yote, matatu. Mjomba, mtu aliyefika mpaka Kalkata, aliyenyoa ndevu mbele ya mizinga ya Wajapani, achekwe kwenye stoo ya pareto! Nilifunga kitabu pa! Nikasema, "Mnacheka nini? Mbwa hapa si wale wangu. Mbwa maana yake mataifa. Ni nyinyi." Na kidole changu, hiki hiki ninachoshikia kalamu, kikazunguka kikitafuta mtu, kikaenda kusimama kwa Chepngeno. Alikuwa ameketi mbele, kichwa cha binti yake mapajani, maana mtoto alikuwa ameanguka asubuhi ile.

Hakupiga kelele. Alimbeba mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe ni mkubwa, miguu inaning'inia. Mlangoni akageuka akasema, "Bwana anatuita hivyo siku sita. Mimi hapa nilikuja kwa ajili ya ile ya saba."

Jumatatu, kwa hasira, nilifuta majina yao kwenye orodha ya ubatizo nikaandika "wameacha." Baada ya Pasaka wenzao wakabatizwa, wao hawakuonekana.

Nimejaribu kutengeneza, Mjomba, usifikiri nimekaa tu. Nilimpelekea malenge kubwa. Alimpa ng'ombe mbele yangu. Mchungaji alipopita mwezi wa saba nilimuuliza somo lile kwa ujanja, kama mtu anayeulizia rafiki yake. Akasema kwa Kigiriki neno lile ni mbwa wadogo, wale wa kukaa nyumbani. Nilikimbia mpaka zizini. "Chepngeno, habari njema! Si mbwa! Ni vijibwa!"

Akaacha kukamua. "Kwa hiyo mtoto wangu ni kijibwa."

"Cha nyumbani," nikasema.

Ndoo ilinipita karibu na sikio.

Mwezi wa nane nikamwambia Bwana Yesu alikuwa anamjaribu yule mama imani yake. Akasema, "Mama mwenye mtoto mgonjwa ameshajaribiwa." Mwezi wa tisa nikamwambia labda Bwana alikuwa amechoka na safari. Akasema, "Mimi nakamua ng'ombe ishirini kabla jua halijatoka, na sijamwita mtu mbwa." Nikasema, "Lakini mimi ulinitupia ndoo." Akasema, "Ndoo ilikuita jina gani?"

Mwezi wa tatu somo linarudi tena, na safari hii Mchungaji atakuwepo siku hiyo hiyo kubatiza. Mzee Kiptanui anasema ni heri wasije, mtoto akianguka anatisha watu. Yeye kila mtoto akianguka alikuwa anasogeza kigoda chake mbali. Na Chepchirchir mwenyewe nikikutana naye kisimani ananiuliza kama kitabu chake cha Katekisimo bado ninacho, nisimpe mtu. Ninacho. Nimekifunga kwenye shati langu la Jumapili. Mjomba, nifanye nini ili mtoto huyu arudi?

Mpwa wako asiye na la kujisifia leo, isipokuwa upishi,
Naftaly

*

Misheni, Kisii
9 Januari 1958

Mpwa wangu Naftaly,

Mwaka mpya umetukuta hai. Mgongo umenipa likizo ya Krismasi, sasa umerudi kazini.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilicheka, Mungu anisamehe, hasa kwenye ndoo. Halafu nilifika pale yule mama anapogeuka mlangoni, nikaacha kucheka.

Unataka nikueleze somo. Nimelihubiri mara ishirini na mbili. Kila mwaka najificha mahali. Mwaka mmoja nilieleza miji ya Tiro na Sidoni mpaka mzee mmoja akaniuliza kama kuna basi la kwenda huko. Ukweli ni kwamba somo hilo sijaliweza, na wewe hutaliweza kwa malenge.

Nina swali moja tu. Umeandika kwamba ulifunga kitabu Owuor alipokutania. Je, ulikifungua tena? Uliwasomea jibu la yule mama? Maana sikuliona popote katika barua yako, wala katika maelezo yako yote matatu. Kama hukulisoma, basi Chepngeno ameondoka katikati ya habari, na aliyemtoa ni wewe, si Injili.

Acha kumpelekea maelezo. Una mstari wa mtu mfukoni. Mrudishie.

Mjomba wako

*

Njoro
3 Machi 1958

Mjomba,

Sijui kama umeshaamka vizuri, kama mgongo unaruhusu kuketi. Ukiruhusu, keti. Mimi ni mzima, ila sauti imenikauka, utajua kwa nini.

Barua yako ilinipiga mahali. Nilikifungua kitabu, na kweli, mbele ya watu jibu lile sikulisoma hata siku moja. Mimi nilijua mwisho, nikadhani kila mtu anajua. Nilizunguka mwezi mzima nikitafuta ujasiri, mimi niliyevuka mito ya Bama yenye mamba. Jumatatu iliyopita nikamkuta Chepngeno anaosha ndoo. Nikasimama mbali kidogo, nje ya mkono wake.

"Chepngeno, kuna mstari sikuusoma."

"Mstari gani?"

"Yule mama alijibu."

Akaweka ndoo chini. "Alijibu? Alikuwa na jibu?"

"Alikuwa nalo."

"Na wewe umekaa nalo mwaka mzima?"

"Nilichekwa, nikaona haya, nikafunga kitabu. Kile kidole kilikuwa changu, si cha Bwana Yesu. Nisamehe."

Nikatoa Biblia. Akainua mkono. "Usinisomee hapa kwa ng'ombe. Uliufungia mbele ya watu, utaufungulia mbele ya watu. Kama kuna mstari wangu huko, nitakuja kuuchukua."

Jana akaja. Alikaa mbele pale pale, na Chepchirchir amevaa gauni la kijani. Mchungaji alikuwa kwenye kiti, stoo imejaa, na harufu ya pareto inakamata koo. Sikupanda kwenye debe. Nikasoma. Nilipofika kwenye mbwa nilimwangalia Owuor. Owuor aliangalia mabati kama mtu anayehesabu misumari. Hakuna aliyecheka. Nikaendelea, nikasoma jinsi yule mama alivyosema: ndiyo, Bwana, lakini hata mbwa wanapata makombo ya mezani.

"Ngoja," Chepngeno akasema. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Alisema ndiyo Bwana?"

"Alisema."

"Halafu akatia lakini?"

"Lakini. Imeandikwa."

Mjomba, wewe hujaishi kwenye shamba la mzungu. Hapa "ndiyo Bwana" ni maneno yaliyokwisha. Unavua kofia, unasema ndiyo Bwana, unaondoka. Mtu wa mwisho kuongeza lakini alikuwa Kiplangat mtunza farasi, na jioni hiyo hiyo tulimwona barabarani na blanketi lake kichwani. Nimelisoma somo lile mara ngapi sijui, na lile neno nililipita kama jiwe dogo. Nilikuwa natafuta mbwa tu.

Mzee Kiptanui, ambaye kanisani hafungui mdomo, akauliza, "Akapewa notisi aondoke?"

"Hakupewa."

"Bwana alimfanya nini sasa?"

"Alimwambia, mama, imani yako ni kubwa. Akampa alichoomba. Mtoto akapona saa ile ile."

"Kwa lakini moja?" Owuor akasema.

"Moja."

Basi stoo nzima ikaanza kunong'ona, lakini, lakini, kama watu wanaoonja chumvi. Mwanamke mmoja akasema, "Huyo si bwana kama wa hapa." Nikaona nimeshinda. Nilishavuta pumzi nianze kuhubiri, na nilikuwa na mambo mazuri sana, Mjomba. Ndipo Chepngeno akasema, si kwa ukali:

"Wangu hajapona. Alianguka Alhamisi. Maana yake ni nini?"

Mimi ndiye niliyewazoeza kwenye Katekisimo kuuliza maana ya kila kitu. Watu wakanigeukia. Unanijua, maneno hayajawahi kuniishia. Kalkata ilinijia. Kigiriki kilinijia. Nikamwangalia yule mtoto, naye alikuwa ananiangalia kama mtu anayengoja zamu yake kisimani. Nikasema, "Sijui." Nikakaa chini. Mahubiri yangu yote ni hayo.

Mchungaji akasimama, akatoa orodha, akaita majina ya ubatizo mmoja mmoja. Akakunja karatasi. Chepngeno akainuka.

"Na Chepchirchir?"

Mchungaji akafungua karatasi, akaangalia juu, akaangalia chini. "Jina lake halimo, mama."

"Ndiyo, Mchungaji," akasema. Hapo mwenyewe akasita, na stoo yote ikasita naye, hata kuku aliyekuwa mlangoni. "Lakini mwenyewe yumo."

Owuor alipiga makofi peke yake, kisha akaona haya akajikuna.

Mchungaji akaniuliza, "Nani alilifuta?" Nikasema mimi. Akanipa kalamu. "Liandike." Jina lile limejaa ch kila mahali, nikaongeza moja. Mtoto akaja akachungulia begani kwangu akasema, "Imezidi," nikaifuta, kisha nikaandika na la mama yake. Mtoto aliulizwa maswali yote akajibu bila kukwama, mpaka mengine ambayo mimi mwenyewe huwa nachungulia kitabuni. Akabatizwa, na mama yake baada yake.

Wakati anarudi mahali pake akaanguka.

Tukamwona Mzee Kiptanui anasogeza kigoda. Nikasema moyoni, huyo tena. Kumbe alikuwa anakiondoa kisimpige mtoto kichwa. Halafu akavua koti lake la unyapara, lile la kaki asilolivua hata akinyeshewa, akalikunja akaliweka chini ya kichwa cha mtoto, akapiga magoti pale. Hakuna aliyesimama kuondoka. Chepngeno akaanzisha wimbo, tukaimba beti zote, tulipomaliza tukaanza tena mwanzo, maana hatukujua la kufanya lingine, mpaka mtoto akafumbua macho akauliza kama maji yamemwagika. Ndiyo sababu sina sauti.

Mama yangu mweleze yote, pamoja na mbwa. Jumapili ijayo kalenda inasema ni pepo mchafu anayetoka kwa mtu akarudi na wenzake saba. Mjomba, ni nani aliyeipanga kalenda hii? Chepngeno ameshasema atakaa mbele. Usinitumie maelezo.

Mpwa wako,
Naftaly

*

Misheni, Kisii
10 Machi 1958

Mpwa wangu,

Tu wazima, na leo sitasema habari za mgongo.

Barua yako ilifika Jumamosi, wakati namaliza mahubiri yangu ya pepo saba. Yalikuwa kurasa nne, yale yale ya kila mwaka, nimebadilisha tarehe. Jana nikasimama kuyasoma. Kwenye safu ya tatu nikamwona mama mmoja ambaye mwanawe ameacha pombe mara tatu na kuirudia mara tatu. Miaka yote hii huyo mama amekuwa akikaa safu ya tatu, nami namsomea kurasa nne.

Nikazikunja. Nikasoma somo lote mpaka mwisho, nikamwangalia, nikasema, "Hapa pananishinda. Sijui. Tumwombee kila mtu aliyerudiwa." Mlangoni yule mama alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na mstari wa watu nyuma yake ukangoja.

Alasiri mzee wa kanisa akaja nyumbani, jasho linamtoka, na vidonge viwili vya kwinini kwenye karatasi. Akasema, "Mwalimu, wazee tumekaa tukashauriana. Miaka ishirini na miwili hujawahi kusema hujui. Tumeona ni malaria."

Nilivimeza vyote viwili. Alikuwa ametoka mbali kwa miguu.

Mjomba wako